Lakini ya Mzee Longinus

Winfrid alinipigia simu asubuhi nikiwa nyumbani Liuli, nimekaa barazani natoa mchanga kwenye usipa, dagaa wetu wa ziwani. Alisema maneno mawili tu, "Baba amepumzika," kisha akangoja nilie au niulize. Nilimuuliza kama chakula cha wanaume kitawekwa pamoja au kila mtu atapewa sahani yake. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelia usiku kucha. "Mwalimu, umezeeka vibaya. Mtu amekufa, wewe unauliza ugali." Lakini alijua kwa nini nauliza. Tulikuwa wote pale, mimi na yeye, siku ugali wa nyumba yao ulipogawanyika, na aliyeugawanya nilikuwa mimi.

Kuna watakaosoma sura hii ambao hawajafika Umatengo, kwa hiyo niwaeleze polepole. Sengu ni mahali, na pia ni desturi. Wanaume wa ukoo mmoja wanaoishi kwenye kilima kimoja hukutana kula pamoja. Kila mke huleta alichopika, vyakula vinawekwa mbele ya wote, na aliyekosa leo anakula kwa aliyepata. Wakishashiba wanazungumza: mpaka wa shamba, binti anayetaka kuolewa, kijana aliyemwinulia mkewe mkono. Mwaka niliofika Matiri kufundisha, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na mashati ya kola ngumu, sengu nyingi zilikuwa zimeshakufa. Ya Mzee Longinus ilikuwa imebaki ya Jumapili tu, baada ya misa, chini ya paa la bati kando ya vichanja vya kuanikia kahawa. Na ilikuwa na sheria yake moja ambayo sijaikuta kwingine. Ukitaka kumpinga mtu, kwanza unamrudishia neno lake. Unalisema wewe kwa mdomo wako, vizuri kadiri unavyoweza, kisha unamuuliza, "Ni lako?" Akisema "Ni langu," umepata ruhusa ya kulipinga. Akisema "Si langu," unalirudia upya. Akitaka kuongeza, anaongeza. Niliwahi kumwona Mzee Ditram, mdogo wake Mzee Longinus, akirudishiwa neno moja kuhusu mbuzi aliyekula maharage ya jirani mara nne nzima. Mara ya nne alipokubali kwamba ni lake, yule aliyekuwa akimpinga aligundua kwamba hana tena la kupinga. Wakacheka wote, wakaletewa togwa.

Nilifikia kwa Mzee Longinus, baba yake Winfrid, kwa sababu nyumba za walimu hazikutosha. Mzee Longinus alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, mtu mfupi, mbishi, mpenda ugoro, mwenye tabia ya kusimama katikati ya sentensi na kukitazama kidole chake kana kwamba neno linalofuata limeandikwa pale. Alinipa chumba cha pembeni, kilichokuwa ghala la mahindi mpaka wiki moja kabla yangu. Kitanda cha kamba, dirisha dogo la ubao, na ukutani picha ya Bikira Maria ambayo Mama Winfrid, mke wa mzee, aliitazama mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole kama sisi Waanglikana wa ziwani inatusumbua. Nilimwambia haitusumbui. Akasema, basi iache, inasaidia dhidi ya panya. Mpaka leo sijui kama alitania. Harufu ya mahindi haikutoka mwaka mzima. Ilikuwa kwenye shati langu, kwenye daftari za wanafunzi, na kwa miaka mingi baadaye nikisikia harufu ya mahindi makavu mahali popote nilitaka kugeuka kuangalia nani ameingia.

Walinifanya mtoto wa nyumba kwa haraka iliyonishangaza. Mama Winfrid alinipikia majani ya maboga kwa karanga alipoona sili maharage kila siku kwa moyo, na Winfrid, aliyekuwa rika langu, alinifundisha kuvaa makoti mawili mwezi wa sita. Mzee alinitania kila mlo. Alidai sisi Wanyasa tunalima kwa macho, tukikaa ufukweni kungoja samaki wajilete. Nami nilimjibu kwamba Wamatengo wanalima mpaka ukutani kwa sababu hawana mahali pa kukaa. Mwezi wa tatu alinipeleka shambani ili, kama alivyosema, nione watu. Tulifyeka nyasi kwenye mteremko mkali, tukazilaza kwa mistari, mingine ya kupanda na mingine ya kukatiza, mpaka kilima kizima kikawa na miraba kama daftari la hesabu. Kisha akina mama wakaja nyuma yetu na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi. Ndiyo ngoro. Kila shimo linapokea maji yake, yanatulia humo yanazama, na udongo haushuki bondeni. Nilimuuliza nani alibuni. Alisema ni watu waliochoka kumfuata mvua bondeni kumwomba awarudishie shamba lao.

Ulikuwa mwaka ambao nchi iliulizwa kama inataka kubaki na chama kimoja au kuwa na vyama vingi. Redio ya Mzee Longinus ilikaa dirishani ikiwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila jioni tuliisikiliza tukimenya mahindi. Niliwaka kama kijana yeyote aliyesoma. Chuoni nilikuwa msemaji wa midahalo. Nilijua kutoa hoja, kujibu hoja, kuitumia hoja ya mpinzani kumfunga mwenyewe, na kumaliza kabla kengele haijalia huku wenzangu wanapiga madawati. Nilitaka vyama vingi, na kwa haki ya ukweli niseme kwamba bado naamini nilichokiamini wakati ule. Sijaandika sura hii ili kusema nilikuwa upande mbaya. Mtu anaweza kuwa upande mzuri na akafanya jambo baya sana akiwa huko, na ningependa vijana wanaosoma hapa wanisikilize kwenye hilo zaidi ya lingine lolote.

Mzee alisema anataka chama kibaki kimoja. Alilisema hivyo hivyo, kwa ufupi, halafu akakitazama kidole chake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujibu. Mama Winfrid alizoea kusema kutoka jikoni kwamba mwalimu na mzee wanagombania redio kama wake wenza.

Mwezi wa saba kahawa iliiva. Tulikuwa wawili tu mchana ule, yeye anazungusha mkono wa mashine ya kumenyea, mimi namimina kahawa mbivu juu na kumwaga maji. Maganda mekundu yalitoka upande mmoja, mbegu zinazoteleza upande wa pili. Nilikuwa nimemchokoza tena kuhusu vyama. Akaacha kuzungusha. Akaniambia jambo ambalo, alisema, padri peke yake ndiye aliyekuwa analijua. Wakati wa kuhamishiwa vijijini yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi. Agizo lilifika kwamba nyumba zote za ule upande wa juu zihame zishuke barabarani, na siku iliyowekwa ilikuwa imekwisha pita. Mama yao, yeye na Ditram, alikuwa mjane mgonjwa na alikataa kutoka. Mgambo walikuwa njiani wanakuja. Longinus alifika kabla yao, alfajiri, akamtoa mama yake akiwa amembeba mgongoni, kisha akapanda juu ya paa akaanza kung'oa nyasi kwa mikono yake ili mgambo wakifika wakute nyumba imeshavunjwa na wasimguse mama. Ditram wakati huo alikuwa Songea kwa kazi. Aliporudi alikuta magofu, na alipouliza, kaka yake alimwambia ni mgambo. Mama yao aliishi miezi michache tu kule barabarani. "Alikufa akiitaja ile nyumba," Mzee Longinus aliniambia, "na kila akiitaja Ditram alikuwa ananitazama mimi ili tuwalaani mgambo pamoja. Nikalaani naye." Halafu akashika tena mkono wa mashine, akazungusha, nami nikamimina kahawa. Kwa mara moja mwaka ule sikubishana naye. Laiti ningebaki hivyo.

Wiki chache baadaye ilitangazwa kwamba watu wa kukusanya maoni watafika Mbinga mjini, na kila eneo lichague msemaji. Kilima chetu kilimchagua Mzee Longinus, kwa kuwa ni mkubwa, na kwa kuwa alikuwa ameshasema ana neno la kupeleka. Alikuwa akilifanyia mazoezi. Nilimsikia asubuhi akipogoa mikahawa, akizungumza peke yake, akisimama, akianza upya. Nami jambo hilo lilinichoma. Niliona kilima kizima kitasemewa kitu ambacho mimi, msomi wake pekee, nakipinga. Nilianza kumtazama mzee aliyenipa chumba kama mpinzani aliyekaa meza ya pili ya mdahalo.

Jumapili ile sengu ilijaa. Walikuwepo wanaume kama kumi na wawili, Mzee Ditram amekaa kulia kwa kaka yake kama kawaida, Winfrid na mimi upande wa vijana karibu na vichanja. Kulikuwa na ugali mweupe sinia mbili, maharage, majani ya maboga, na jogoo ambaye Mama Winfrid alimchinja kwa ajili ya mumewe kuagwa kwenda Mbinga. Nakumbuka mzee mmoja alisema firigisi apewe msemaji, ili maneno yasagike vizuri, watu wakacheka. Walipomaliza kula walimwomba Mzee Longinus aseme atakachokisema huko. Akafuta midomo, akasema kwamba chama hiki ndicho kilichotulea, kilituletea shule na zahanati, na kwamba yeye anaona kibaki kimoja, kwa sababu watu wa sengu moja wakianza kula masinia tofauti hawarudiani. Akasimama. Akakitazama kidole.

Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi na kusema nataka kumrudishia neno lake. Walifurahi, nikumbukavyo. Walifurahi kuona Mnyasa ameshika desturi.

"Baba anasema chama kimoja kinatosha kwa sababu kimetulea," nilisema. "Ni lako?"

Mzee Longinus alinitazama. "Ni langu," alisema. "Lakini..."

Lakini yake niliisikia. Nimewahi kujaribu, katika miaka hii yote, kujiambia kwamba mvumo wa watu uliifunika, au kwamba alinong'ona. Hapana. Niliisikia vizuri kama ninavyosikia jogoo wa jirani sasa hivi, na nilijua sheria kwamba mwenye neno akitaka kuongeza anaongezewa nafasi. Ila alikuwa amesema "Ni langu", na chuoni mpinzani akishakubali hupewi tuzo kwa kumngoja. Niliendelea. Nilisema kwa sauti ya mdahalo, nikiwa nimesimama, kwamba mzazi anayelea havunji nyumba ya anayemlea. Nikamuuliza ni chama gani kilichomtuma apande juu ya paa la mama yake mwenyewe na kung'oa nyasi kwa mikono yake, na kama kungekuwa na chama cha pili cha kumkimbilia siku ile, angepanda?

Ilikuwa hoja nzuri. Lazima niwaambie hivyo, maana hapo ndipo penye hatari. Ilikuwa na mpangilio, ilikuwa na mfano ulio hai, na sehemu yake kubwa ilikuwa kweli. Chuoni wangevunja madawati. Mzee Ditram aligeuza kichwa taratibu akamtazama kaka yake, naye Mzee Longinus hakumtazama mtu. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado na ugali, hakuwa amenawa. Ditram alimuuliza kwa Kimatengo, maneno machache, na hata mimi niliyejua Kimatengo cha kuombea maji niliyaelewa. Longinus akaitikia. Ditram akainuka, akanawa mikono kwa maji yaliyokuwa kwenye beseni, akafuta kwa suruali yake, akachukua bakuli la maharage ambalo mkewe alikuwa ameleta, likiwa bado na chakula, akashuka nalo kijiani hadi kwake ng'ambo ya kijito.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Wengine wakaanza kukosa, huyu ana mgonjwa, yule ana mgeni, na mwezi mmoja baadaye Mama Winfrid akaacha kufagia pale chini ya bati. Wale ndugu hawakupigana. Walisalimiana kanisani, walizikiana wake zao, walisimamiana ubatizo wa wajukuu. Hawakula tena sinia moja.

Mzee Longinus alimwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba hatakwenda Mbinga. Mwenyekiti akasema basi aende mwalimu, ana ulimi. Nikakubali. Asubuhi ya safari Mama Winfrid alinichemshia chai na viazi, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nikiwa nakula. Mafiga yalikuwa kati yetu, moshi unamfanya afumbe jicho moja.

"Mwalimu, sengu ni ya wanaume," alisema, "ila ukuta wa jikoni hauna mwanamume wala mwanamke. Ulimkatiza."

Nilisema najua, mama.

"Unajua alitaka kusema nini?"

Nilisema sijui.

Akanieleza. Alikuwa ameshalisikia mara nyingi, maana mumewe alilifanyia mazoezi hata kitandani. Alitaka kusema kwamba chama kibaki kimoja, au vije kumi, kwake si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni kwamba siku agizo la kuhama lilipofika hakuna aliyeuliza. Yeye balozi hakuuliza, na aliyemletea hakuuliza, na huenda aliyemtuma huyo naye hakuuliza. Hata vyama vingekuwa vitano, yeyote ambaye angekuja na karatasi yake angetiiwa, kwa sababu watu wamefundishwa kupokea. Kwa hiyo aliwaza kuwaambia wale wageni kwamba kabla ya kuhesabu vyama waweke sheria hii: agizo likifika kijijini, lisitekelezwe mpaka kijiji kimejibu, na jibu hilo liwe limerudi kule lilikotoka. Watu wakishazoea kuulizwa, hapo vyama vije hata ishirini, hawataparamiana. Wasipozoea, kila mmoja atatii chake, na watavunjiana nyumba. "Na alitaka kusema ya mama yake mwenyewe, mbele ya watu," alisema Mama Winfrid. "Ndiyo ilikuwa mwisho wake. Alitaka aanze na Ditram kwanza, usiku wa kuamkia safari. Alikuwa anatafuta namna."

Akaniuliza kama nitalipeleka. Nikasema, "Nitajaribu, mama."

Ukumbi wa Mbinga ulijaa watu na joto la makoti. Nilipoitwa nilikuwa na karatasi yangu mfukoni, hoja sita, kila moja na mfano wake, na neno la Mzee Longinus kichwani. Nililipima. Niliona kwamba nikilitia hotuba yangu itapinda katikati. Lilikuwa linauliza swali ambalo hoja zangu sita hazikuwa na jibu lake. Nikaliacha. Nilizungumza vizuri, nikapigiwa makofi, na mtu mmoja aliyevaa tai alinishika mkono mlangoni akasema nchi inahitaji vijana kama mimi. Nilipokuwa nikizungumza nilimtazama aliyekuwa akiandika maoni. Kwa maneno yangu yote, kalamu yake ilikwenda mistari miwili na kusimama. Neno la Mzee Longinus nalo lingetosha kwenye mistari miwili.

Niliporudi jioni nilikuta chakula changu kimewekwa chumbani, juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe, yai la kukaanga juu ya wali, na kijiko. Nilibeba sahani nikaenda nayo jikoni kama siku zote. Mzee Longinus alisimama akanipa kiti chenye mgongo, akasema karibu, Mwalimu, karibu sana. Hakunitania. Nilikaa pale mpaka shule zilipofungwa, nikala mayai mengi kuliko maisha yangu yote, na hakuna siku niliyosikia tena kwamba Wanyasa wanalima kwa macho. Mwaka mpya niliomba uhamisho wa kurudi ziwani.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye nilimkuta Mzee Longinus kule Litembo, hospitalini, nilikokwenda kumwona mgonjwa wangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na bandeji jichoni, Winfrid amekwenda kutafuta bodaboda. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akanitambua kwa sauti. Nilimwomba msamaha, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka, na nadhani yalikuwa na mpangilio kupita kiasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye siku zote alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano ya kumwambia Ditram. Wewe ulichukua dakika moja. Tusihesabiane." Hapo ndipo nilipotakiwa kumrudishia neno lake. Lilikuwa mdomoni. Ningesema: Baba, ulitaka kusema hivi na hivi, ni lako? Naye angesema ni langu, au si langu, akaongeza. Lakini Winfrid akaja na bodaboda, tukamsaidia kupanda, nikamshikia fimbo yake, na nikajiambia nitakwenda Matiri likizo ijayo.

Sikwenda. Badala yake nilifundisha. Kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yangu nilifundisha uraia, na katika midahalo ya shule niliyoiongoza niliondoa kengele. Mwanafunzi wangu hakuruhusiwa kupinga hoja mpaka mwenye hoja amekubali kwamba imesemwa vizuri. Walilalamika mwanzoni kwamba mdahalo unachukua juma zima. Baadaye nilianza kuona jambo: nusu ya ugomvi unakwisha hapo hapo, maana waligundua hawakuwa wanapingana, na nusu iliyobaki inakuwa ugomvi wa kweli, ambao una faida. Niliwaambia hoja si jiwe la kurusha. Niliwaambia mtu anayekupinga kwenye siasa mara nyingi ana kidonda mahali, na kama amekuonyesha hicho kidonda, hukupewa ili ukibonyeze mbele ya watu. Walinipenda kwa mafundisho hayo. Wengine wamekuwa madiwani, na mmoja huniandikia kwamba hufanya hivyo hivyo kwenye vikao vyake. Kila waliponishukuru nilipokea shukrani, na sikuwahi kumwambia hata mmoja wao nilikojifunzia wala bei yake.

Tulimzika Mzee Longinus juu, kwenye mteremko, kando ya mahali palipokuwa na ile nyumba. Alikuwa ameomba hivyo. Ngoro za msimu zilikuwa zimefukiwa vizuri pande zote za kaburi. Tuliposhuka, Winfrid alikuwa amefagia chini ya bati, akaamuru chakula cha wazee kiwekwe pamoja, sinia moja. Hakunieleza. Alinishika tu bega akanikalisha. Mzee Ditram aliletwa na mjukuu wake, amekonda, macho yana utando, akawekwa kulia kwa mahali ambapo kaka yake alizoea kukaa. Pale pa kaka yake hapakukaa mtu.

Tukaanza kula. Vijana wawili wa ukoo, upande wa vichanja, walianza kubishana kuhusu uchaguzi, mmoja akionyesha kitu kwenye simu, mwingine akisema hicho ni cha uongo, na sauti zikapanda. Winfrid aliwakemea. Hapo Mzee Ditram akasema, bila kuinua kichwa, "Waache. Mwalimu yupo?"

Nilisema nipo, baba, shikamoo.

"Marahaba. Siku ile kaka yangu alisema 'lakini'," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Nilimsikia. Baadaye hasira ilinizuia kuuliza, halafu aibu ikanizuia. Lilikuwa ni nini?"

Nikamrudishia. Sikusimama. Nililisema polepole, kwa maneno ya Mama Winfrid kadiri nilivyoyakumbuka: kwamba vyama si jambo la kwanza, kwamba siku ile hakuna aliyeuliza, kwamba agizo lingoje jibu la kijiji. Nikasema kwamba mwisho wa neno hilo ulikuwa ni ile nyumba, kwamba alikusudia kuitaja kwa mdomo wake mwenyewe, na kwamba kabla ya wote alitaka kumwambia Ditram. Nilipomaliza nikajikuta nimesema, kwa mazoea, "Ni lako?" nikitazama pale palipokuwa wazi. Wale vijana walikuwa wameacha kubishana. Tulingoja, kama tulivyofundishwa.

Mzee Ditram alitoa mkono wake kwenye ugali, akauweka juu ya goti.

"Ulilijua lini?"

"Mwaka ule ule, baba. Kabla sijakwenda Mbinga."

Alifikiri. Hakuwa na hasira. Ningependelea awe nayo.

"Mwalimu," alisema, "na mimi miaka yote hii nilikuwa hapo tu, ng'ambo ya kijito."